DAMU YA MTOTO HUPELEKWA WAPI?

Katika ziara zetu kwa vikundi vya akina mama, kuanzia Ganze mpaka kule Marafa, kuna swali lisilokosa kuulizwa. Mtoto akilazwa Kilifi, mbona hutolewa damu kwanza? Wengine husema wazi kwamba inauzwa. Mama mmoja alitueleza kwamba alimbeba mwanawe usiku akarudi naye nyumbani, akampa vidonge vya rangi mbili vya dukani. Siku ya tatu mtoto alirudishwa hospitali akiwa hoi. Alipona, lakini kwa taabu. Kwa hivyo tumeona afadhali tueleze damu ile inafanywa nini.

Yenyewe ni kidogo, haijazi kijiko cha chai. Hutiwa katika chupa yenye supu ya kulishia vijidudu, na chupa huwekwa ndani ya mashine yenye joto kama la mwili. Kama kuna bakteria, watakula, watazaana, watatoa hewa, na mashine itaitambua ile hewa. Wagema wataelewa upesi, ni kama tembo la mnazi linavyofura povu kibuyuni. (Kwenye tembo kazi hiyo hufanywa hasa na hamira, lakini hewa ni ile ile.)

Chupa ikionyesha kitu, mtaalamu wa maabara huchukua tone na kulipaka kwenye kipande cha kioo, kisha hulitia rangi. Njia hii ilibuniwa na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, mwaka wa 1884 huko Berlin, alipokuwa akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Huanza rangi ya zambarau, ikafuata ayodini, halafu spiriti ya kuoshea, na mwisho rangi nyekundu. Ndipo hutazamwa kwa hadubini inayokuza mara 1,000, manake bakteria mmoja ana upana wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita.

Bakteria ni kiumbe cha chembe moja tu. Ndani hana kiini kama chembe zetu. Uzi wake wa urithi umejikunja tu pale katikati. Amezungukwa na utando mwembamba, na nje ya utando ana ukuta. Chembe za binadamu hazina ukuta, na hapo ndipo penisilini inapompata: inazuia ukuta usijengwe, bakteria anapasuka, chembe zetu zinabaki salama. Bakteria wenye ukuta mnene hushika zambarau hata wakioshwa kwa spiriti. Wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa pili huachia zambarau, wakawa wekundu. Hivyo rangi peke yake humsaidia daktari kuchagua dawa kabla majibu kamili hayajatoka.

Sasa mtazame huyu anayeitwa nyumokokasi, mletaji mkubwa wa nimonia kali na homa ya uti wa mgongo. Ni wa zambarau, wawili wawili kama punje za choroko zilizogusana. Juu ya ukuta amevaa koti la sukari linaloteleza kama mabenda yaliyopikwa. Askari wa damu wakitaka kumshika, anawaponyoka. Makoti haya yako ya aina kama 100. Ili kuijua aina, mtaalamu hutia maji yenye kinga ya koti fulani. Likiwa ndilo, huonekana kama limevimba. Hiyo ni kazi ya macho na subira, na hufanywa papa hapa Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoanzishwa 1989.

Koti hilo hilo ndilo lililotupa chanjo. Mwili wa mtoto wa chini ya miaka 2 hautambui vizuri sukari tupu, kwa hivyo sukari ilifungwa kwenye protini. Kenya ilianza chanjo hii mwaka wa 2011 kwa aina 10 za makoti, ikitolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kilifi ikachanja pia watoto wote wa chini ya miaka 5. Chupa zile zile za damu ndizo zilizotoa hesabu: kabla ya chanjo, ugonjwa mkali wa makoti hayo ulikuwa kama watoto 61 katika kila 100,000 kwa mwaka, miaka ya baadaye ukashuka hadi kama 3.

Na hebu tukumbuke kwa nini haraka inahitajika. Kati ya 1998 na 2002 damu ya watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa Kilifi ilipimwa hivyo. Zaidi ya robo ya waliofia hospitalini walikuwa na bakteria damuni.

Akina mama, mtoto akipewa dawa ya dukani kabla ya kupimwa, mwambieni muuguzi, hata pakiti mlete. Dawa ile yaweza kuwalemaza bakteria chupa ikae siku 5 bila kuonyesha kitu, na mtoto bado ni mgonjwa. Na damu ikitakiwa kwa utafiti, si kwa matibabu yake, ni lazima mzazi aelezwe na aulizwe kwanza. Ukikataa, mtoto bado anatibiwa.