Silaha za Kigeni na Mgogoro wa Mpaka: Safari ya Kuelekea Vita vya Kagera, 1971–1979

Mwanafunzi, kila mwaka ninaposahihisha majaribio hapa Kinampanda nakutana na jibu lilelile. Swali linasema: "Eleza sababu za Vita vya Kagera." Mtahiniwa anaandika kwamba Idi Amin alikuwa mkatili na kichaa, anapiga mstari, anahamia swali linalofuata. Jibu hilo si la uongo sana, ila alama zake ni chache. Mtu mkatili asiye na kifaru hafiki mbali. Atagomba na majirani zake, basi. Unachotakiwa kueleza ni vifaru vilitoka wapi, vililipiwa na nini, na kwa nini vilielekezwa Kagera. Ukiweza kueleza hayo matatu, umeielewa mada hii kuliko wenzako wengi.

Mpaka wenyewe

Anza na ramani. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo yao Afrika Mashariki. Magharibi mwa Ziwa Victoria walichora mstari ulionyooka kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Waliochora walikuwa Ulaya, wala hawakuuliza mto unapita wapi. Mto Kagera una kona kubwa: unakwenda kaskazini, kisha unageuka mashariki kuelekea ziwani. Kwa hiyo kikabaki kipande cha ardhi kilicho kaskazini mwa mto lakini kusini mwa mstari. Kwa mkataba ni cha Tanganyika, na baadaye Tanzania. Kwa macho ya askari aliyesimama upande wa Uganda akitafuta mpaka unaolindika, mto ndio unaonekana kuwa mpaka. Kipande hicho kina ukubwa wa takribani kilometa za mraba 1,800.

Sisi wa Iramba tunaelewa jambo hili vizuri. Shamba la alizeti likipandiwa uzio wa minyaa, mpaka unaonekana na wajukuu watauheshimu. Pasipo minyaa, mwaka mmoja jirani analima hatua mbili kwako, mwaka wa pili hatua nne, kisha anasema mpaka ni ule mfereji wa maji. Tofauti ni kwamba jirani huyo anapelekwa kwenye baraza la kata. Mataifa hayana baraza la kata lenye askari.

Viongozi wa Afrika waliliona tatizo hili mapema. Julai 1964 mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulipitisha azimio kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea. Somalia na Morocco zililipinga, kwa kuwa kila moja ilikuwa na ardhi iliyoidai kwa jirani. Likumbuke azimio hili, kwani ndilo lililoyaweka madai ya Amin ya 1978 nje ya sheria ya Afrika kabla hajayatamka.

Amin alivyosaka silaha

Amin aliipindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kumtambua. Israeli nayo ilikuwa karibu naye, kwa sababu wakufunzi wake walikuwa wakilifundisha jeshi la Uganda tangu miaka ya 1960. Tanzania ilikataa kumtambua, ikampa Obote hifadhi Dar es Salaam.

Mwanzoni, basi, Amin alitarajia silaha kutoka kwa hao marafiki wawili. Aliomba ndege za kisasa za kivita na hakupewa alichokitaka. Hapo ndipo alipogeuka. Februari 1972 alikwenda Libya kwa Kanali Muammar Gaddafi, na mwezi uliofuata akawafukuza Waisraeli. Agosti mwaka huohuo akatangaza kuwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90, jambo lililouvunja urafiki wake na Uingereza. Watahiniwa wengi huyaeleza matukio haya kama hasira za mtu mmoja. Yatazame pia kama kubadilisha duka. Aliyenyimwa bidhaa huku alikwenda kuinunua kule, na duka jipya lilikuwa na masharti yake.

Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania wakajaribu kuiteka Masaka na Mbarara. Walishindwa vibaya. Ndege za Amin zikadondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Rais Siad Barre wa Somalia akasuluhisha, na tarehe 5 Oktoba 1972 yakasainiwa Makubaliano ya Mogadishu, yakitaka kila upande uondoe majeshi yake kilometa 10 kutoka mpakani. (Siad Barre huyuhuyu alikuwa akijaza nchi yake silaha za Kisovieti, na 1977 alizitumia kuivamia Ethiopia ili kuchukua Ogaden. Historia ina vichekesho vyake.)

Tukio la 1972 litajwe kwa ukweli. Wanafunzi huliruka wakidhani ni kuisaliti nchi, lakini mtahini anataka uone pande zote. Amin alipata hoja ya kuwaambia askari wake na wauza silaha kwamba Tanzania ni tishio. Kila shehena iliyofuata aliihalalisha kwa hoja hiyo.

Muuzaji mkubwa sasa akawa Muungano wa Kisovieti. Uganda ilipata vifaru vya aina ya T-54 na T-55, magari ya kivita, mizinga, na katikati ya miaka ya 1970 ndege za MiG-21. Wasovieti hawakumpenda Amin kwa tabia zake. Walitaka mguu Afrika Mashariki wakati Marekani ikiwa na Kenya, na China ikiwa Tanzania inajenga reli ya TAZARA. Urafiki wa namna hiyo ni mwembamba. Novemba 1975 Wasovieti walipombana Amin akitambue chama cha MPLA nchini Angola, uhusiano ulivunjika kwa siku chache, kisha ukarudi. Yeye alihitaji vipuri, wao walihitaji kituo.

Nani alilipa? Sehemu ilikuwa fedha na misaada ya Libya. Sehemu nyingine ni kahawa. Julai 1975 baridi kali iliiharibu mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kilele chake 1977. Mkulima wa Buganda hakuonja utamu wa bei hiyo, kwani fedha za kigeni ziliishia kwenye silaha na kwenye anasa za kuwatuliza maofisa wa jeshi. Bei ilipoanza kushuka, na Marekani ikapiga marufuku biashara na Uganda mwaka 1978, Amin alibaki na jeshi kubwa, ghali na lenye manung'uniko. Hii ndiyo sehemu ambayo vitabu vingi huipitia haraka, nami nakuomba uisome mara mbili. Jeshi lililozoea kulishwa likianza kunyimwa, mtawala hutafuta kazi ya kulipa, na kazi iliyo karibu ni mpakani.

Kenya nayo iliguswa. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, pamoja na kusini mwa Sudan, ni ya Uganda kihistoria. Wakenya waliandamana, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda, na Amin, ambaye nchi yake haina bahari, akarudi nyuma. Julai 4 mwaka huohuo makomando wa Israeli waliowakomboa mateka Entebbe waliharibu ndege kadhaa za MiG zilizokuwa uwanjani. Kenya haikukaa ikitazama tu: iliagiza ndege za F-5 kutoka Marekani. Unaona jinsi mambo yanavyokwenda? Mmoja ananunua akisema anajilinda, jirani anaona anatishwa, naye ananunua. Mwisho wake wote wana silaha zaidi na usalama pungufu.

Tanzania nayo ilinunua

Usiandike kwamba Tanzania ilikuwa mikono mitupu. Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles Januari 1964, serikali ilivunja jeshi lile na kuunda JWTZ tarehe 1 Septemba 1964. Walimu wake walitoka sehemu tofauti kwa makusudi. Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi 1965, ikipinga uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki kupitia Zanzibar. Mwalimu akajibu kwa kukataa na misaada mingine iliyobaki, maana hakutaka msaada uwe kamba ya shingoni. Kanada ilifundisha jeshi hadi 1970. China ilitoa mafunzo, vifaru, na ndege za kivita zilizowekwa Ngerengere, Morogoro. Silaha nyingine zilitoka Muungano wa Kisovieti, kwa hiyo wakati wa vita muuzaji mmoja alikuwa na bidhaa zake pande zote mbili za mto.

Mzee mmoja hapa Kinampanda, aliyekwenda vitani kama mgambo, aliwahi kuwasimulia wanafunzi wangu kwamba kwenye mahandaki yaliyoachwa na askari wa Amin walikuta masanduku ya risasi yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, na baadhi ya risasi hizo ziliingia kwenye bunduki zao wenyewe bila shida. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alisema walikwenda wanne kutoka kijijini kwake, wakarudi wawili.

Vita vyenyewe kwa ufupi

Uvamizi mdogo ulianza Oktoba 1978, na mwishoni mwa mwezi majeshi ya Amin yakaingia kwa wingi. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba mpaka mpya ni Mto Kagera. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Katikati ya siku hizo mbili, tarehe 2 Novemba, Mwalimu alihutubia taifa na kueleza kwamba tunao uwezo, tunayo sababu na tunayo nia ya kumpiga. Maneno hayo matatu ukiyatumia vema ni mpangilio mzuri wa insha.

JWTZ iliyokuwa na askari wasiofikia 40,000 ilikua, inakadiriwa, hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000. Wahandisi walitandika daraja la muda, na kufikia Januari 1979 ardhi yetu ilikuwa imerudi. Februari Masaka na Mbarara zilianguka. Libya ikatuma askari. Tarehe 10 Machi huko Lukaya askari wa Libya na Uganda waliirudisha nyuma Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi. Kesho yake Brigedi ya 208 ikawapiga kutoka ubavuni na vita ikageuka. Mizinga ya roketi ya BM-21, ambayo Waganda waliita "saba saba", ilivunja mioyo ya watu kabla hata ya kuvunja nyumba. Ndege ya Libya ya Tu-22 iliyotumwa kupiga Mwanza ilikosa shabaha. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni, majeshi yetu yalipofika mpaka wa Sudan.

Silaha nyingi za Amin ziliachwa barabarani zikiwa nzima. Hapa pana somo la kijeshi: kifaru bila vipuri, mafuta na askari anayelipwa ni chuma tu. Muungano wa Kisovieti haukuja kumwokoa mteja wake.

Gharama

Kwa Tanzania, vita viligharimu takribani dola za Marekani milioni 500. Vilikuja muda mfupi tu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda tena duniani. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, mikanda ikabaki imefungwa. Waulize wazazi wa wazazi wako kuhusu foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina 1979 ukaitwa Kagera, jina unalolitumia leo bila kufikiria limetoka wapi.

Swali la kujipima

"Silaha kutoka nje ndizo zilizosababisha Vita vya Kagera." Jadili kauli hii kwa hoja sita.

Neno "jadili" linakutaka ukubali na upinge. Upande wa kukubali una silaha za Kisovieti, fedha za Libya na kahawa. Upande wa kupinga una mpaka wa 1890, mgogoro wa Obote, tukio la 1972, na manung'uniko ndani ya jeshi la Amin mwaka 1978. Mtahini hatakulazimisha kuchagua upande fulani, lakini atataka tarehe, na atataka kila hoja iwe na mfano. Andika kwa dakika 40 bila kufungua kitabu, kisha rudi kwenye kurasa hizi na kalamu nyekundu.