Pikipiki Nzito Hainyanyuliwi kwa Mgongo



Matawi yetu ya mashamba ya chai upande wa Fort Portal, Uganda, yametawanyika vilimani. Mtu wa chama hawezi kuyafikia yote kwa miguu. Mimi natumia pikipiki kuukuu aina ya Triumph Bonneville, niliyorithi kwa baba yangu mdogo. Naipenda kwa sababu imetoka mikononi mwa wafanyakazi wenzetu. Ilitengenezwa Meriden, Uingereza. Mwezi Septemba 1973 wenye kiwanda walitangaza kukifunga, na wafanyakazi wakakikalia. Machi 1975 wakaanza kukiendesha wenyewe kwa njia ya ushirika, mpaka kilipofungwa mwaka 1983.

Lakini ni chuma kizito. Ikiwa na petroli na oili inapita kilo 180. Ukitaka kutengeneza tairi au kukaza mnyororo, sharti uipandishe juu ya stendi ya katikati, na hapo ndipo nilipoumia.

Asubuhi moja nilifika kwenye tawi, ardhi imelowa kwa mvua. Nikakanyaga stendi kidogo tu, nikainama, nikashika chuma cha nyuma nikakivuta juu kwa nguvu zangu zote. Pikipiki haikupanda. Kilichosikika ni mgongo wangu. Nililala mkekani wiki tatu. Katika siku hizo kulikuwa na kikao na meneja juu ya malipo ya wapakiaji wa kuni. Kikao kikafanyika bila mimi, na wenzetu wakatoka mikono mitupu. Kosa langu la dakika moja walililipa wao.

Aliyenifundisha njia iliyo sawa ni mzee mmoja wa karakana ya kiwanda cha chai, mwembamba kama mwanzi. Aliniambia, "Mwanangu, wewe unainyanyua. Mimi naikanyaga." Akaipandisha huku akiendelea kuzungumza. Nilimwomba anionyeshe polepole, naye akanionyesha hivi:

Kwanza, tafuta mahali tambarare na pagumu. Pakiwa laini, weka ubao chini ya miguu ya stendi, usije ukadidimia. Zima injini, toa gia, kunja stendi ya pembeni, nyoosha gurudumu la mbele.

Pili, simama upande wa kushoto, uso ukiielekea pikipiki. Mkono wa kushoto ushike usukani, wa kulia ushike chuma kilicho chini ya kiti au nyuma yake. Usishike taa wala bomba la moshi. Usivae ndala, vaa kiatu cha soli ngumu.

Tatu, weka mguu wa kulia juu ya kikanyagio cha stendi, ukishushe mpaka miguu yote miwili ya stendi iguse chini. Itikise pikipiki kidogo huku na huku, usikie miguu yote miwili imegusa. Ukigusa mmoja tu, pikipiki itapanda upande na kuanguka.

Nne, nyoosha mgongo, kisha simama juu ya kikanyagio kwa uzito wako wote, kama mtu anayepanda ngazi. Stendi ni wenzo: uzito wako ukishuka, pikipiki inapanda yenyewe na kurudi nyuma. Mikono kazi yake ni kuiongoza tu.

Ikikataa, usiongeze nguvu. Tafuta sababu. Tairi la nyuma likipungua upepo, pikipiki hukaa chini na stendi hupata kazi kubwa zaidi. Mhimili wa stendi ukikauka au ukijaa matope, huwa mgumu. Usafishe, utie grisi. Ikiwa bado ni nzito, sogeza gurudumu la nyuma juu ya ubao mwembamba, stendi ibaki nje ya ubao. Hapo njia ya kupanda inakuwa fupi. Na ikianza kuangukia upande wa pili, iache ianguke. Chuma hununuliwa, mgongo hauuzwi dukani.

Wakati wa kuishusha, fungua kwanza stendi ya pembeni, isukume mbele taratibu, na magurudumu yakigusa chini ubane breki ya mbele.

Ndugu zangu, wengi wenu hamna pikipiki, lakini mgongo mnao. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 127 juu ya uzito ambao mfanyakazi mmoja anaweza kubebeshwa, pamoja na Pendekezo Na. 128, linalotaja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mtu mzima. Gunia la kahawa la kusafirishwa nje ni kilo 60. Pigeni hesabu wenyewe.

Basi msimamizi akimwambia mtu mmoja, "Beba, wewe ni mwanamume," kumbukeni yule mzee. Hakuwa na misuli kunizidi. Alikuwa na ubao, wenzo na subira. Kila tawi lidai toroli, ubao wa kupandishia na mtu wa pili kwenye mzigo mzito, na lidai kabla mtu hajaumia. Mimi nilijifunza nikiwa nimeumia, na wapakiaji wa kuni mpaka leo hawajasahau kikao kile.