Dereva wa Trekta Barabarani: Hatari Inayoanza Shamba Linapoishia

Msimu wa kilimo unapowadia, matrekta makubwa na pawatila huonekana kwa wingi katika barabara za maeneo ya kilimo nchini, yakiwemo mabonde ya Kilombero na Usangu. Asubuhi huelekea shambani na majembe, na jioni hurejea yakivuta matela yaliyosheheni mazao. Safari hizo fupi humweka dereva katika hatari ambazo hazifanani na zile za shambani.

Tofauti hiyo inatambuliwa kimataifa. Uainishaji wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani (WHO), toleo la 10, umetenga kundi V84 kwa majeruhi waliokuwa katika magari ya kilimo, na ndani yake dereva aliyeumia barabarani hutenganishwa na aliyeumia nje ya barabara.

Chanzo cha kwanza cha hatari ni mwendo. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa likiwa mita 100 nyuma ya trekta linalokwenda kilomita 20 kwa saa hulifikia kwa sekunde 6 tu. Ikiwa ni jioni na tela halina taa wala viakisi mwanga, dereva wa basi hubakiwa na muda mfupi mno wa kufunga breki.

Chanzo cha pili ni umbo la trekta lenyewe. Uzito wake umekaa juu, hivyo gurudumu moja likitumbukia kwenye mtaro, hupinduka upesi kuliko dereva anavyoweza kuruka. Aidha, matrekta mengi yana pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ili kurahisisha kukata kona shambani. Zisipofungwa pamoja kabla ya kuingia barabarani, dereva anayekanyaga moja kwa haraka hulizungusha trekta badala ya kulisimamisha. Kwenye mteremko, tela zito lisilo na breki hulisukuma trekta kutoka nyuma na kulipindua.

Pawatila nayo ina siri yake. Katika mteremko, kubana klachi ya kushoto kunaweza kuielekeza kulia, kinyume na ilivyo kwenye ardhi tambarare. Dereva asiyelifahamu jambo hilo huweza kujikuta upande wa magari yanayokuja.

Majeraha yanayotokea huwa makubwa. Trekta likimlalia dereva, huvunja mbavu, nyonga na uti wa mgongo, na kifua kilichobanwa hushindwa kupumua. Anayerushwa na kuangukia lami huumia zaidi kichwa na shingo.

Kinga iliyothibitika ni fremu ya usalama, yaani mhimili wa chuma unaofungwa juu ya kiti ili kumwachia dereva nafasi ya kuishi trekta linapopinduka. Sweden iliifanya kuwa lazima kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vilipungua kwa kiwango kikubwa. Hata hivyo, fremu hufanya kazi ikiandamana na mkanda. Dereva asiyefunga mkanda hurushwa nje ya eneo linalolindwa na huweza kupondwa na fremu ileile. Kinyume chake, trekta lisilo na fremu halipaswi kuendeshwa kwa mkanda, kwa kuwa humfunga dereva chini ya uzito unaomwangukia. Kuiondoa fremu ili kupita chini ya miti ni kuondoa kinga ya uhai.

Ajali inapotokea, wasamaria wanashauriwa kuzima injini kwanza, kuzuia magari mengine na kutomvuta majeruhi aliyebanwa hadi trekta litakapoegemezwa imara lisisogee. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 na Polisi kwa namba 112.

Kwa mujibu wa utaratibu wa leseni nchini, mitambo ya kilimo huendeshwa na mwenye leseni ya daraja G. Mmiliki anayemkabidhi trekta kijana asiye na leseni kwa sababu tu amezoea kulima humpeleka barabarani bila maandalizi. Kabla ya kutoka shambani, dakika chache zinatosha kufunga pedali pamoja, kukagua taa na viakisi, kupunguza mzigo, kuwashusha abiria walioketi juu ya tela na kufunga mkanda palipo na fremu. Dakika hizo ndizo zitakazomrudisha dereva nyumbani pamoja na mavuno yake.