Anazima moto bila malipo, kisha analetewa hati ya tozo

GARI la zimamoto linapofika shambani halimuulizi mwenye shamba kama amelipa. Likianza kuuliza, moto utakuwa umeshavuka mpaka na kuingia kwa jirani. Hapo ndipo ugumu wa kugharamia huduma hii unapoanzia. Kila mtu anainufaikia, aliyelipa na asiyelipa, na kwa sababu hiyo kila mtu angefurahi kama mwenzake ndiye angelipa.

Jimbo la Victoria, kusini mashariki mwa Australia, limehangaika na jambo hili kwa miaka mingi. Mwezi Mei mwaka 2025 wakulima na wazimamoto wa kujitolea waliandamana hadi mbele ya Bunge la jimbo mjini Melbourne kupinga tozo mpya, na baadhi ya vikosi vya vijijini vikasitisha kwa muda kuitikia miito ya dharura. Wasomaji wa kurasa hizi, wanaojua vizuri ushuru wa mazao na ada za soko, watayatambua mengi katika mvutano huo.

Kwanza tuangalie mambo yalivyokuwa. Kwa miongo mingi fedha za zimamoto katika jimbo hilo zilitoka kwenye bima. Kampuni za bima zilitakiwa kuchangia asilimia 77.5 ya bajeti ya Mamlaka ya Zimamoto ya Vijijini, iitwayo kwa kifupi CFA, na serikali ikatoa asilimia 22.5 iliyobaki. Bila shaka kampuni hizo hazikutoa fedha mfukoni mwao. Zilimwongezea mteja kwenye malipo yake ya bima.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mkulima mwangalifu aliyekatia bima nyumba, ghala na mashine zake ndiye aliyebeba mzigo. Jirani yake asiye na bima hakuchangia kwa njia hiyo hata senti moja, lakini moto ukiwaka magari yalikuja kwake vilevile. Zaidi ya hayo, juu ya tozo hiyo serikali ilitoza kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 10, kisha juu ya jumla hiyo ushuru wa stempu wa asilimia 10 nyingine. Kwa hiyo tozo ya dola 100 ilimfikia mteja ikiwa dola 121. Ukiwatoza watu kwa kujikinga, wapo watakaoacha kujikinga au watakaokata bima ndogo isiyolingana na mali waliyo nayo, na hilo halihitaji shahada ya uchumi kulielewa.

Ilichukua msiba mkubwa kubadilisha utaratibu huo. Tarehe 7 Februari 2009, siku inayokumbukwa huko kama Jumamosi Nyeusi, moto wa nyika na misitu uliua watu 173 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000. Tume ya Kifalme iliyoundwa kuchunguza maafa hayo, chini ya uenyekiti wa Bernard Teague, ilitoa ripoti yake mwezi Julai 2010. Miongoni mwa mapendekezo yake 67 lilikuwamo la kuachana na tozo ya kwenye bima na badala yake kumtoza kila mwenye mali isiyohamishika. Kuanzia Julai 1, 2013 utaratibu mpya ukaanza. Halmashauri zilikusanya tozo hiyo pamoja na kodi ya majengo na ardhi, kwa kiasi maalumu kisichobadilika na kiasi kingine kinachopanda kulingana na thamani ya ardhi na vilivyojengwa juu yake.

Kwa maoni yangu yalikuwa mageuzi mazuri. Mwenye bima na asiye na bima wakawa sawa. Jimbo jirani la New South Wales lilikusudia kufanya hivyo hivyo kuanzia Julai 2017, lakini wiki chache kabla ya kuanza serikali yake ikaahirisha baada ya wenye mali kuona makadirio ya watakachodaiwa.

Basi kwa nini tozo iliyokaa miaka 12 ikaja kuwasha hasira mwaka 2025?

Desemba 2024 serikali ya Victoria ilitangaza kwamba tozo ya zimamoto itageuzwa kuwa Mfuko wa Huduma za Dharura na Watu wa Kujitolea. Mfuko huo ungegharamia zimamoto na mengine mengi: huduma ya uokoaji wakati wa mafuriko na dhoruba, kituo cha kupokea simu za dharura, uratibu wa maafa na udhibiti wa moto katika misitu ya serikali. Viwango navyo vikapanda. Kwa ardhi ya kilimo, kila dola 1,000 za thamani zilizokuwa zikitozwa senti 28.7 zilipendekezwa kutozwa senti 83. Baada ya mjadala mkali bungeni kiwango hicho kilishushwa hadi senti 71.8, ndipo muswada ukapita mwezi Mei 2025.

Tuchukue shamba lenye thamani ya dola milioni mbili, ambalo kwa wakulima wa nafaka na mifugo wa huko si kubwa. Ukiacha kile kiasi maalumu, kwa kiwango cha zamani mwenyewe angelipa dola 574 kwa mwaka. Kwa kiwango kilichopendekezwa mwanzo angelipa dola 1,660, na kwa kile kilichopitishwa dola 1,436. Hilo ni ongezeko la asilimia 150 kwa mpigo mmoja.

Serikali ilijitetea kwamba majanga yameongezeka na huduma zinahitaji fedha za uhakika. Hoja hiyo ina uzito. Udhaifu wake ni kwamba inaipima thamani ya shamba kana kwamba ni fedha taslimu. Mwenye duka akipata hasara anaweza kupunguza bidhaa rafuni. Mkulima hawezi kuuza robo eka ili alipe tozo ya mwaka. Thamani ya ardhi inaweza kupanda kwa sababu watu wa mjini wanatafuta viwanja, na katika mwaka huohuo mvua ikakataa na pato likawa sifuri. Ndivyo ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya magharibi mwa Victoria ilikuwa katika ukame mkali, na wafugaji walikuwa wakinunua marobota ya majani makavu kutoka mbali ili ng'ombe na kondoo wao wasife. Hati ya tozo ingewakuta katika hali hiyo.

Lakini mimi naamini ukame na viwango vilikuwa nusu tu ya ugomvi. Nusu nyingine ni kazi ya mikono. CFA, iliyoanzishwa mwaka 1945 baada ya mioto mikubwa ya mwaka 1939 na 1944, inategemea watu wa kujitolea katika takriban vikosi 1,200, na vijijini wengi wao ni wakulima hao hao. Hawapati mshahara. Simu ikilia wakati wa mavuno, mkulima anaiacha mashine ya kuvunia katikati ya shamba na kukimbilia kituoni. Wengine huja na magari yao wenyewe ya pikapu, yakiwa na tangi la maji na pampu nyuma, na katika moto wa nyasi unaokimbia kwa upepo mara nyingi hao ndio wanaofika kwanza, kwa sababu wanaishi hapo.

Katika vitabu vya hesabu vya serikali saa hizo hazina bei. Mafuta aliyochoma, siku ya mavuno iliyopotea na ngano iliyonyeshewa kesho yake havionekani popote. Kwa hiyo ofisa wa hazina anamwona mkulima kama mtu anayepokea huduma na anayestahili kulipa zaidi kwa kuwa ana ardhi kubwa. Mkulima anajiona kama mtu anayeitoa huduma hiyo, kisha anatumiwa hati ya madai. Serikali iliona tatizo na kuweka nafuu ya kurudishiwa tozo kwa wazimamoto wa kujitolea walio hai kazini, kwa mali moja, iwe nyumba wanayoishi au shamba. Hiyo ni hatua ya haki, ingawa mkulima anatakiwa aiombe, na mwenye mali zaidi ya moja anaendelea kulipia zilizobaki.

Kisha kuna suala la jina. Mtu akichangia gari la zimamoto analiona likipita barabarani na anajua fedha yake iko wapi. Akichangia mfuko wenye huduma saba au nane ndani yake, hana tena namna ya kujua kama kikosi cha kwao kitapata gari jipya au kitaendelea na lile chakavu. Kwa jimbo lenye deni kubwa kama Victoria, haikushangaza kwamba Chama cha Wakulima cha Victoria na wapinzani wengine walisema tozo hiyo inaziba pengo la bajeti. Halmashauri nazo zililalamika, maana ndizo zinazotuma hati na ndizo zinazotukanwa dirishani, ilhali fedha zinakwenda serikali ya jimbo.

Mei 30, 2025, Waziri Mkuu wa jimbo, Jacinta Allan, alitangaza kwamba kutokana na ukame wakulima wote wangeendelea na kiwango cha zamani kwa mwaka wa fedha 2025/26. Kiwango kipya hakikufutwa katika sheria, kilisimamishwa tu.

Wafanyabiashara hawakupata ahueni hiyo. Kwa majengo ya biashara kiwango kilipanda kutoka senti 66.4 hadi senti 133 kwa kila dola 1,000. Duka katika mji mdogo wa kilimo lenye thamani ya dola 500,000 linatoka dola 332 hadi dola 665, na mikataba mingi ya pango humwachia mpangaji gharama za namna hiyo. Mwenye duka hilo anauza dawa za mifugo, misumari na nyaya za uzio kwa wakulima wale wale waliosamehewa, na bei ya kurudishia hizo dola 333 ataipata kwao.