Anzeni na Maelekezo ya Juri

Mtu wetu hapa California akishtakiwa, ndugu hukimbilia simu kutafuta namba ya kifungu. Kifungu cha 484 cha Kanuni ya Adhabu ya jimbo, kinachohusu wizi, kinaanza na sentensi ndefu mno. Hata msomi huikatia tamaa. Nawasihi muanzie kwingine: kwenye maelekezo ambayo jaji huisomea juri.

Wazee wa baraza tuliowazoea Tanzania humshauri jaji, naye hafungwi na maoni yao. Juri ya hapa ndiyo inayoamua kama mtu ana hatia, na waliomo ni raia wa kawaida, huenda dereva au muuguzi. Kwa ajili yao maelekezo ya kesi za jinai, CALCRIM, yaliyoanza kutumika 2006, yaliandikwa makusudi kwa lugha nyepesi.

Tazameni namba 1800, ya wizi. Mwendesha mashtaka lazima athibitishe mambo manne. Mshtakiwa alichukua mali ya mtu mwingine. Mwenye mali hakuridhia. Wakati wa kuichukua, mshtakiwa alikusudia mwenye mali asiipate tena, au aikose muda mrefu kiasi cha kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kisha aliisogeza, hata kidogo tu, akakaa nayo hata kwa kitambo. Likikosekana moja, wizi wa namna hiyo haukuthibitishwa. Na kijana aliyechukua baiskeli akiamini kwa dhati kuwa ni yake, utetezi wake usomeni namba 1863.

Msiishie hapo. Chini ya kila elekezo kuna maelezo kwa jaji pamoja na vifungu na hukumu za rufaa zilizolizaa. Hizo ndizo sheria. Elekezo ni njia ya kuzifikia. Angalieni na toleo, kwani maelekezo hurekebishwa mara kwa mara. Kesi za madai zina yake, CACI. Mahakama za shirikisho na majimbo mengine yana yao pia, kwa hiyo msichukue ya Illinois mkayaleta hapa.

CALCRIM na CACI zinapatikana bure kwenye tovuti ya mahakama za California, na maktaba ya sheria ya kaunti iko wazi kwa umma. Chapisheni elekezo la shtaka lenu. Mshtakiwa aende nalo kwa wakili wake, amwulize kila jambo litathibitishwa kwa ushahidi gani. Atakayoyaandika pembeni asimwonyeshe mtu mwingine, hata ndugu.