Nyumba Njema si Mlango: Kumwajiri Msanifu Mandhari wa Filamu katika Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Katika uhakiki wa tamthilia, mandhari ni istilahi iliyozoeleka. Msomaji huipata katika maelekezo ya jukwaani, kisha akaisawiri akilini mwake. Katika filamu mambo ni tofauti: mtazamaji huonyeshwa ukuta wenyewe, kiti chenyewe na hata kutu iliyo kwenye bati. Sharti awepo mtu aliyeamua kila kimojawapo. Huyo ndiye anayeitwa hapa msanifu mandhari. Cheo hiki kilipata jina lake Marekani mwaka 1939, William Cameron Menzies alipotambuliwa kwacho katika filamu ya Gone with the Wind, kwa kuwa alisimamia sura ya filamu nzima wala si mapambo tu.

Makala haya yanaeleza namna ya kumwajiri mtaalamu huyo kwa filamu inayotengenezwa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Hoja kuu ni kwamba anayefaa ni yule anayeweza kuusoma mtaa kwa makini kama anavyousoma mswada.

Lugha ya mitaa

Eastlands si mtaa mmoja. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, ikawa na nyumba za chini, nafasi za wazi na ukumbi wa jamii. Buruburu ilianza miaka ya 1970 kwa watu wa kipato cha wastani, walionunua nyumba kwa mikopo. Dandora, katika muongo uo huo, ilifadhiliwa na Benki ya Dunia: watu walipewa viwanja vyenye huduma za msingi, wakajijengea wenyewe hatua kwa hatua.

Wanaisimu wanafahamu kwamba Sheng hutofautiana mtaa hadi mtaa. Kuta na samani nazo ni vivyo hivyo. Sebule ya karani wa Buruburu mwaka 1980 haifanani na chumba cha mpangaji wa Dandora leo. Asiyezijua tofauti hizi huigeuza Eastlands yote kuwa mtaa mmoja wa mabanda. Hasara yake haiishii kwenye filamu, kwani mkaazi huketi mbele ya skrini akaonyeshwa uongo kuhusu nyumba aliyolelewa.

Hatua za kuajiri

Kwanza, msanifu aajiriwe mapema, kabla ya mahali pa kupigia picha kuchaguliwa. Yeye na mwelekezi waupasue mswada onyesho baada ya onyesho, wakiandika mahali, kipindi na vifaa vinavyohitajika. Chukua mfano wa Nairobi Half Life (2012), filamu iliyoelekezwa na David 'Tosh' Gitonga. Mhusika mkuu, Mwas, anatoka kijijini, anaionja seli, anaingia katika genge la wahalifu na papo hapo anaigiza katika ukumbi wa michezo. Maisha yake mawili hutenganishwa na mahali hata kabla ya mazungumzo. Msanifu anayeitwa mahali pote pakiwa pamekwisha kuamuliwa hukuta nusu ya kazi yake imefanywa na wengine.

Pili, usaili usitegemee picha za kazi za awali pekee. Picha nzuri huweza kuficha bajeti kubwa au jasho la wasaidizi. Mwombaji apewe kurasa chache za mswada, alipwe kwa siku hiyo, aende mtaani na arudi na pendekezo la rangi, vifaa na gharama. Anayefaa ataeleza kwa nini kalenda iliyo ukutani ni ya mwaka uliopita, na nani alifuma vitambaa vilivyotandikwa juu ya makochi. Aidha, atajua nguo zilizochakaa zitapatikana Gikomba, na kwamba mafundi wa jua kali wa Kamukunji wataunda kifaa cha bati kisichopatikana dukani.

Tatu, mkataba uwe wa maandishi. Utenganishe ujira wa msanifu na bajeti ya idara yake. Utaje muda wa matayarisho, wa kupiga picha na wa kurejesha vitu, na useme nani atawaajiri wapambaji na mafundi. Jambo linalosahaulika aghalabu ni nyumba zenyewe, ambamo watu wanaishi. Kila chumba kipigwe picha kabla ya kuguswa, na idhini itolewe na mpangaji pamoja na mwenye nyumba. Katika Kaloleni, ambako nyumba ni za umma, idhini ya mpangaji pekee haitoshi. Ukuta uliopakwa rangi kwa ajili ya onyesho moja urudishiwe rangi yake, isipokuwa mwenyeji akipenda ubaki hivyo.

Hitimisho

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mtayarishaji anayetafuta msanifu mandhari na ahakikishe kwamba anayemwajiri amewahi kuingia ndani, akaketi na akatazama. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kuhakiki mandhari vitabuni, huu ni uwanja ambao ujuzi wake unahitajika.