Mahindi Yakiita, Kayongo Nayo Husikia

Katika mashamba ya mahindi yaliyobanwa na miwa huku Muhoroni, Kenya, kayongo huchanua maua ya zambarau ya kupendeza. Yakionekana, mkulima ameshachelewa. Gugu hilo, ambalo Tanzania huitwa kiduha, hufanya uharibifu wake mkubwa likiwa bado chini ya ardhi, limeng'ang'ania mzizi wa mahindi na kufyonza maji na chakula. Mmea mmoja huweza kuacha makumi ya maelfu ya mbegu laini kama vumbi, na mbegu hizo hulala udongoni hata zaidi ya miaka kumi zikingoja.

Zinangoja nini? Mwaka 1966 ilitangazwa kemikali iliyopatikana kwenye mizizi ya pamba, tone lake dogo mno likitosha kuamsha mbegu za magugu ya jamii ya kayongo. Jibu hilo lilizaa kitendawili: kwa nini mmea umwite adui yake? Ilichukua karibu miaka 40 kukitegua. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba wito huo ni wa rafiki: kuvu wa udongoni, ambao wakiupata hutawanya matawi kuutafuta mzizi. Kayongo ni jirani aliyetega sikio ukutani.

Kuvu hao wana nyuzi nyembamba kuliko unywele. Huingia ndani ya mzizi bila kuudhuru, kisha hutambaa nje hadi mahali mzizi wenyewe haufiki, na kurudi na fosforasi, zinki na, wakati wa ukame, msaada wa maji. Mmea hulipa kwa sukari na mafuta. Kazi ya kuleta fosforasi ilithibitishwa kwa kuweka fosforasi yenye mnururisho nyuma ya wavu uliopitisha nyuzi na kuzuia mizizi. Baadaye ikakutwa kwenye majani. Urafiki wenyewe ni wa kale: mabaki yake yamo katika mawe ya Uskoti yenye umri wa miaka milioni 400 hivi. Leo mahindi, mtama, maharagwe na hata miwa yetu ina urafiki huo.

Sasa turudi shambani. Mahindi yakikosa fosforasi hutoa wito mwingi zaidi, na kayongo nayo hupata habari. Ndiyo maana wazee husema gugu hili hufuata udongo uliochoka. Sayansi imewaunga mkono. Kuvu wakishakaa mzizini, mmea hupunguza wito. Katika majaribio ya mtama na mahindi yaliyopewa kuvu, kayongo chache zaidi ziliota. Lakini mengi yalifanywa kwenye vyungu, na shambani matokeo hupanda na kushuka. Kuvu si dawa ya kayongo.

Hata hivyo kuna la kufanya. Kulima mara kwa mara hukata nyuzi za kuvu, na ardhi iliyoachwa tupu huwanyima kuvu chakula, kwa hiyo kunde au maharagwe kati ya mahindi husaidia. Mbolea ya fosforasi ikizidi, mmea humpuuza mwenzake. Ikikosekana kabisa, unabaki kuita kwa njaa. Sikubaliani na wanaohubiri kuiacha mbolea kabisa: kipimo ndicho muhimu, nacho huanzia kwenye kupima udongo. Mmea wa desmodiamu, ambao majaribio yake yalifanyika Mbita, huamsha mbegu za kayongo kisha huziua, na pia ni chakula cha ng'ombe. Kung'oa kayongo kabla haijachanua bado ni kazi ya lazima.

Unga wa kuvu nao unauzwa. Bidhaa kadhaa zilizopimwa Afrika, Kenya ikiwemo, hazikutimiza ahadi zake, basi jaribu kwanza kwenye mistari michache, uache mingine bila kitu, ulinganishe wakati wa mavuno. Na akija muuzaji kukushawishi uununue kwa ajili ya sukuma wiki, weka pesa zako mfukoni: sukuma na kabichi ni za jamii ambayo haishirikiani na kuvu hao.